Interferoni, Soko la Hisa na Kemron: Historia ya Shaka ya Wawekezaji

Kampuni ndogo ya bioteknolojia, yaani kampuni inayotumia chembe hai, jeni na protini kutafuta tiba, ni biashara ya namna ya pekee, kwa sababu huuza hisa zake kwa umma miaka mingi kabla haijawa na bidhaa ya kuuza. Kiwanda cha saruji hupimwa kwa tani kinazozalisha na benki hupimwa kwa mikopo inayorejeshwa, lakini kampuni ya aina hii aghalabu huwa na maabara, wanasayansi wachache, hataza, ambayo ni haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi kwa muda maalumu, pamoja na dai kwamba dutu fulani itatibu ugonjwa fulani. Anayenunua hisa zake hununua dai hilo, na bei ya hisa hupanda au kushuka kadiri watu wanavyoliamini. Kwa hiyo shaka ya mwekezaji imekuwa sehemu ya biashara hii tangu ilipoanza, na miongoni mwa dutu zilizoijaribu shaka hiyo mapema ni interferoni, ambayo historia yake ilianzia London, ikapita katika masoko ya hisa ya Marekani na mazizi ya ng'ombe ya Texas, ikawafikia wagonjwa wa Nairobi na Kampala.

Interferoni iligunduliwa mwaka 1957 na Alick Isaacs, Mskoti, akishirikiana na Jean Lindenmann, Mswisi, katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba huko Mill Hill, London. Walichokigundua ni kwamba seli zilizokwisha kuguswa na virusi hutoa kitu kinachozifanya seli nyingine zisishambuliwe kwa urahisi, na wakakisia kuwa kitu hicho ni sehemu ya kinga ya asili ya mwili. Kwa muda mrefu hakikuweza kutengwa na kusafishwa, hata baadhi ya wanasayansi wakatilia shaka kuwapo kwake. Huko Helsinki, Kari Cantell alifanikiwa kukizalisha kutokana na seli nyeupe za damu iliyochangwa na watu, lakini kwa kiasi kidogo mno na kwa gharama kubwa, kiasi kwamba mwaka 1978 Chama cha Saratani cha Marekani kililazimika kutenga dola milioni 2 ili kununua interferoni ya kufanyia majaribio kwa wagonjwa wa saratani. Uhaba huo ulikuwa na athari isiyopaswa kupuuzwa: kitu kisichopatikana hakiwezi kujaribiwa vya kutosha, na kisichojaribiwa vya kutosha hakiwezi kukanushwa, kwa hiyo matumaini yaliutangulia ushahidi kwa mbali.

Ndipo mwezi Januari 1980 Walter Gilbert na Charles Weissmann wa kampuni changa ya Biogen wakawatangazia waandishi wa habari mjini Boston kwamba bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu wameweza kutengeneza interferoni. Tangazo hilo liliwafikia waandishi kabla ya matokeo yenyewe kuchapishwa katika jarida la kisayansi, jambo lililokwenda kinyume na desturi ya wanasayansi ya kuyapeleka matokeo kwanza kwa wataalamu wenzao wayahakiki. Biogen yenyewe ilikuwa bado haijaingia sokoni, lakini hisa za Schering-Plough, kampuni kubwa ya dawa iliyokuwa na sehemu ya umiliki ndani yake, zilipanda mara moja. Tarehe 14 Oktoba mwaka huohuo kampuni ya Genentech, iliyoanzishwa mwaka 1976 na mwanasayansi Herbert Boyer na mwekezaji Robert Swanson, ilifanya toleo lake la awali la hisa kwa umma, yaani iliwauzia wananchi wa kawaida hisa zake kwa mara ya kwanza. Hisa zilizotolewa kwa dola 35 zilifika dola 88 kabla ya saa moja kupita, kisha zikafunga siku zikiwa kwenye dola 71 na senti 25, ilhali Genentech haikuwa na dawa hata moja sokoni, kwa kuwa insulini yake iliidhinishwa mwaka 1982.

Wenye shaka walikuwapo hata siku ile, na hoja yao ilikuwa nyepesi: hakuna hesabu ya kawaida ya faida inayoweza kuitetea bei ya namna hiyo. Walikuwa na haki, lakini hoja yao ilikuwa na udhaifu ambao umeendelea kuwasumbua wote waliowafuata, kwani ilielekezwa kwenye bei na haikuligusa dai lenyewe. Genentech ilikuja kuwa mojawapo ya kampuni muhimu za dawa duniani. Interferoni, kwa upande wake, haikuwa tiba ya jumla ya saratani kama magazeti ya mwaka 1980 yalivyoashiria, wala haikuwa udanganyifu, kwa maana mwaka 1986 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa aina moja adimu ya saratani ya damu, na baadaye ikatumika kwa miaka mingi kutibu homa ya ini ya virusi. Aliyeamini kila kitu alikosea, na aliyekataa kila kitu alikosea vilevile. Kilichokuwa kikihitajika ni njia ya kuuliza swali dogo na mahususi: dutu hii, kwa dozi hii, kwa ugonjwa huu, inamsaidia mgonjwa kuliko asipoipata?

Njia hiyo ilikuwapo tayari, nayo ni jaribio lenye kundi la ulinganisho. Wagonjwa hugawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja likapewa dawa na jingine likapewa plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini kisicho na kiambato chochote cha kutibu, na wakati wote wa jaribio si mgonjwa wala daktari anayejua nani amepewa nini. Kabla ya jaribio kuanza, watafiti huandika kigezo kikuu, yaani kipimo kimoja au viwili ambavyo dawa itahukumiwa navyo, kwa mfano idadi ya waliofariki katika siku 28. Uzito wa utaratibu huu uliwafika wawekezaji wa Marekani kwa maumivu mwaka 1992, wakati kampuni ya Centocor ya Pennsylvania ilipokataliwa idhini ya Centoxin, dawa iliyokusudiwa kutibu sumu ya bakteria katika damu. Wakaguzi wa serikali walibaini kwamba mpango wa kuchambua matokeo ulikuwa umebadilishwa katikati ya safari, na hisa za kampuni zikaanguka vibaya. Januari 1993 jaribio jingine la dawa hiyohiyo lilisitishwa baada ya kuonekana kwamba, miongoni mwa wagonjwa ambao hawakuwa na aina ya bakteria iliyolengwa, vifo vilikuwa vingi zaidi kwa waliopewa dawa kuliko kwa waliopewa plasebo. Hata hivyo Centocor haikufa; ilitengeneza dawa nyingine ya kingamwili, Remicade, iliyoidhinishwa mwaka 1998 na kuwanufaisha wagonjwa wengi wa matumbo na viungo, na mwaka 1999 ikanunuliwa na Johnson & Johnson kwa takriban dola bilioni 4.9. Aliyetilia shaka Centoxin alikuwa sahihi kabisa, na aliyehitimisha kutokana na hilo kwamba kampuni nzima ni ya matapeli alipotoka.

Wakati hayo yakitokea katika kampuni kubwa kiasi, kampuni ndogo zaidi ilikuwa imeanzishwa mwaka 1984 huko Amarillo, mji wa kaskazini mwa Texas unaojulikana kwa mazizi makubwa ya kunenepesha ng'ombe. Mwanzilishi wake, Joseph Cummins, alikuwa daktari wa mifugo aliyechunguza jinsi interferoni inavyoweza kuwakinga ndama dhidi ya magonjwa ya njia ya hewa, yanayowapata hasa wanaposafirishwa kwa malori na kuchanganywa na wanyama wageni. Kutokana na kazi hiyo, na nyingine aliyoifanya kwa paka wenye virusi vya lukemia, alifikia imani kwamba interferoni kidogo sana ikipitishwa kinywani inaweza kuamsha kinga ya mwili bila madhara ya sindano. Pengo kati ya matibabu hayo mawili lilikuwa kubwa ajabu. Sindano za interferoni hubeba mamilioni ya uniti na humwacha mgonjwa na homa, baridi na uchovu mkali, ilhali dozi ya Cummins kwa binadamu ilikuwa takriban uniti 2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, yaani uniti 150 hivi kwa mtu mzima. Kampuni yake, Amarillo Cell Culture, ilichukua hataza za matumizi hayo, na interferoni yenyewe ilitoka kwa Hayashibara ya mjini Okayama, Japani, iliyoizalisha kutokana na seli za binadamu zilizokuzwa ndani ya miili ya hamsta, ambao ni wanyama wadogo wa jamii ya panya.

Mtaalamu wa kinga aliyesikia dai hilo alikuwa na sababu nzuri ya kusita. Interferoni ni protini, na protini inayomezwa huvunjwa tumboni kama nyama au maharage. Isitoshe, dozi ya uniti 150 ni ndogo kiasi kwamba haiwezi hata kuonekana katika damu. Watetezi walijibu kwamba dawa haikukusudiwa kumezwa haraka, bali kuyeyuka kinywani na kuugusa utando wenye seli nyingi za kinga. Jibu hilo lingeweza kuwa kweli. Hata hivyo, jambo linaloweza kuwa kweli ni swali la kujaribiwa, na hapo ndipo Nairobi ilipoingia katika historia hii.

Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoanzishwa mwaka 1979, ilikuwa chini ya uongozi wa Dkt. Davy Koech, naye pamoja na Dkt. Arthur Obel walianza kuwapa wagonjwa wenye virusi vya UKIMWI interferoni ya Hayashibara kwa kipimo cha Cummins. Dawa hiyo ilipewa jina la Kemron. Mwaka 1990 watafiti hao, wakiwa pamoja na Cummins, walichapisha taarifa ya wagonjwa wapatao 40, wakieleza kwamba dalili zilitoweka katika muda wa wiki chache, hamu ya kula ikarudi, uzito ukaongezeka, na baadhi ya wagonjwa waliokuwa wameonekana na virusi wakapimwa tena na kukutwa hawana. Taarifa hiyo haikuwa na kundi la ulinganisho, na huo ndio msingi wa kila kilichofuata. Bila kundi hilo haiwezekani kujua ni wangapi wangepata nafuu kwa sababu ya kutunzwa vizuri, kutibiwa magonjwa nyemelezi, au kwa kuwa UKIMWI wenyewe una vipindi vya kupanda na kushuka. Kuhusu waliogeuka kutoka kuwa na virusi hadi kutokuwa navyo, swali la kwanza la mhakiki lilipaswa kuelekezwa kwenye vipimo, kwani vipimo vilivyotumika vilitafuta kingamwili, yaani alama za mwitikio wa mwili, badala ya kuvihesabu virusi vyenyewe.

Mazingira ya Kenya ya mwaka huo hayakutoa nafasi ya maswali kama hayo. Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Ouko, aliuawa mwezi Februari, maandamano ya Saba Saba ya kudai vyama vingi yalizuka Julai, na serikali iliyokuwa ikilaumiwa ndani na nje ilikuwa na haja kubwa ya ushindi. Rais Daniel arap Moi aliizindua Kemron rasmi katika mwezi huohuo wa Julai, na tangu hapo aliyeihoji alionekana kuihoji nchi. Ni haki kusema pia kwamba matumaini ya wananchi hayakuwa ya kipumbavu hata kidogo. Dawa pekee iliyokuwa imeidhinishwa kwa ugonjwa huo, AZT, ilitoka Marekani mwaka 1987 kwa bei iliyokaribia dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka, na familia ya Kisumu au Mombasa iliyokuwa ikimwuguza mtoto wake haikuwa na njia ya kuifikia. Wagonjwa kutoka nchi nyingine nao walifunga safari kwenda Nairobi. Wote hao walikuwa wawekezaji kwa maana iliyo nzito kuliko ya soko la hisa, kwa kuwa walichokiweka rehani ni miezi iliyobaki ya maisha yao na fedha za ukoo mzima.

Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka huohuo kwamba Kemron ni dawa ya majaribio ambayo faida yake haijathibitishwa, na likaunga mkono majaribio katika nchi kadhaa za Afrika. Lililo muhimu zaidi lilifanyika Uganda, likawahusisha zaidi ya wagonjwa 500 waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya interferoni ya kinywani na plasebo, na miongoni mwa watafiti wake walikuwamo Elly Katabira na Nelson Sewankambo wa Makerere. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 1998, yalitamka katika kichwa chenyewe cha makala kwamba dawa haikuwa na ufanisi. Hili linastahili kusemwa kwa sauti, maana mara nyingi kisa cha Kemron husimuliwa kana kwamba ni Afrika iliyodai na Ulaya na Marekani zilizosahihisha. Jaribio lililoamua jambo hili lilifanywa na madaktari wa Afrika Mashariki kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki, katika nchi iliyokuwa imeumizwa na ugonjwa huo kuliko karibu nchi yoyote nyingine, na lilifanywa kwa kiwango ambacho mwekezaji yeyote wa New York angepaswa kukidai kabla ya kutoa senti yake.

Huko Marekani shaka ilichukua sura nyingine. Mwaka 1992 wataalamu walioishauri serikali walipitia tafiti zilizokuwapo na hawakuona ushahidi wa manufaa, lakini madaktari na viongozi kadhaa wa Wamarekani weusi, wakiwamo wa kundi la Nation of Islam, walishikilia kwamba dawa hiyo inapuuzwa kwa sababu imetoka Afrika. Madai yao hayakuzuka hivihivi tu. Katika utafiti wa Tuskegee, uliodumu tangu 1932 hadi 1972, serikali hiyohiyo iliwaacha mamia ya wanaume weusi wenye kaswende bila tiba ili kuufuatilia ugonjwa wao. Taasisi za Taifa za Afya zilikubali mwaka huo wa 1992 kwamba jaribio lifanyike, ila maandalizi yalichukua miaka, na kufikia wakati lilipoanza, dawa mseto zilizothibitishwa mwaka 1996 kuvidhibiti virusi zilikuwa zimewapa wagonjwa sababu ya kutojiandikisha, hivyo likafungwa kabla ya wakati wake. Kutomwamini aliyekudhuru ni busara. Kosa la watetezi wa Kemron lilikuwa kuligeuza suala la nani anayedai kuwa jibu la suala la kama dai ni kweli. Baadhi ya wapinzani wao walitenda kosa hilohilo kwa upande wa pili, walipoidharau dawa kwa kuwa ilitangazwa Nairobi kabla hata ya kuusoma utafiti wenyewe.

Kampuni ya Cummins haikuishia hapo. Ikiwa wakati huo inaitwa Amarillo Biosciences, iliuza hisa zake kwa umma mwaka 1996, miaka sita baada ya uzinduzi wa Nairobi, na kuelekeza juhudi kwenye magonjwa mengine, hasa ugonjwa wa Sjögren, unaokausha kinywa na macho. Majaribio mawili ya awamu ya tatu, ambayo ni awamu ya mwisho na kubwa kabla ya kuomba idhini, yaliwahusisha jumla ya wagonjwa wapatao 500. Vigezo vikuu vilivyowekwa tangu mwanzo vilikuwa ukavu wa kinywa kama mgonjwa anavyouhisi, pamoja na kiasi cha mate kinachotoka anapochochewa, na katika vyote viwili dawa haikuishinda plasebo kwa kiwango cha kitakwimu. Katika kipimo kingine, cha mate yanayotoka bila kuchochewa, kulionekana tofauti iliyoipendelea dawa, na matokeo yaliyochapishwa yaliikazia macho tofauti hiyo. Kwa msomaji asiyezoea, hayo yanaonekana kuwa ushindi nusu. Kwa mwekezaji mwenye uzoefu hiyo ni dalili inayofahamika vizuri, kwa sababu anayepima mambo mengi hakosi kuona moja likitikisika kwa bahati tu, na kigezo kinachopewa uzito baada ya matokeo kujulikana hakiwezi kubeba uzito wa kile kilichowekwa kabla. Dawa haikupata idhini.

Miaka iliyofuata iliijaribu interferoni hiyo kwa mafua na kwa maradhi mengine, fedha zikiwa chache na hisa zikiuzwa kwa bei ndogo. Katika makampuni ya aina hii mtaji haupatikani kwa mauzo, bali kwa kutoa hisa mpya, na kila toleo jipya hupunguza sehemu ya umiliki ya waliotangulia, kwa hiyo anayeamini mapema hulipia imani yake mara mbili, kwanza anaponunua na tena kampuni inapokwama. Hayashibara, iliyokuwa mzalishaji na mshirika wake wa muda mrefu, iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni mwaka 2011. Amarillo Biosciences iliingia katika ufilisi wa kujipanga upya mwezi Oktoba 2013, ikatoka mwaka 2015 ikiwa mikononi mwa wawekezaji wa Taiwan, na mwaka 2021 ikabadili jina na kuitwa Ainos. Hataza, mikataba na hesabu za miaka yote hiyo zimehifadhiwa katika kumbukumbu za soko la hisa, ambapo mwenye hisa yeyote anaweza kusoma alichopoteza. Hakuna kumbukumbu ya namna hiyo iliyotunzwa kwa ajili ya wagonjwa walionunua Kemron, na watafiti wa historia ya tiba nchini Kenya wanapaswa kuikusanya sasa, wakati waliowauguza wagonjwa hao bado wako hai.